Ndege Mmoja Mmoja: Taarikhi ya Utambuzi wa Ndege Katika Embu na Meru

Kabla ya darubini na vitabu vya picha kufika katika nchi za Mbeere, Tharaka na miteremko ya chini ya Meru, chuo cha kuwajua ndege kilikuwa dungu, yaani ulingo wa miti uliosimikwa katikati ya shamba la mawele au mtama, ambako mtoto, na mara nyingi mama yake au nyanya yake pamoja naye, alipanda alfajiri na kushinda mpaka jua kuchwa, akiwaamia ndege kwa kombeo, kwa madongo na kwa sauti. Nchi hizo ni kavu kuliko zile za juu zenye migomba na viazi vikuu, na riziki yake tangu kale ilikuwa nafaka ya punje ndogo, ambayo ndege nao huitamani. Kwa hiyo ghala la aila nzima lilitegemea macho ya wale waliokaa juu ya dungu.

Mwenye kuamia hakuweza kurusha jiwe kwa kila chenye mabawa, maana mkono huchoka na mawe hukwisha. Ilimlazimu kupambanua: kwelea, ambao huja kwa makundi makubwa na wakitua huinamisha masuke ya upande mzima wa shamba, ndio waliostahili kelele zote, mnana waliokuja wachache wachache walitakiwa kuangaliwa hasa pale ambapo mti wao wa viota ulikuwa karibu, tetere waliookota chini punje zilizokwisha kuanguka waliweza kuachwa, na chozi mwenye mdomo uliopinda, aliyepita kutafuta maua, hakuwa na hatia yoyote. Mtoto aliyekaa pale misimu kadhaa alijua mlio wa kila kabila la ndege kabla hajamwona mwenye mlio, akajua saa za kuja kwao na mti wanaotua kwanza kabla ya kushuka shambani. Maarifa haya yalikuwa na faida dhahiri, na yalitahiniwa kila siku na njaa.

Nyumbani nako kulikuwa na darasa jingine, nalo lilikwenda mbele zaidi, kwa sababu lilimfundisha mtu kumjua ndege mmoja kwa nafsi yake. Mama mwenye vifaranga humjua mwewe aliyezoea uwanja wake. Hamwogopi kila mwewe apitaye juu, ila yule mwenye pengo katika bawa, ajaye kutoka upande ule ule, akazunguka juu ya paa mara moja na kushuka nyuma ya ghala. Akimwona huita watoto na kuku kwa pamoja, na kuku huitika kabla ya watoto. Naona katika habari hii ndogo asili ya jambo lote ninalotaka kulieleza, kwa kuwa mwewe huyo hakutambuliwa kwa kusoma wala kwa kumwua na kumpima, bali kwa kuishi naye mahali pamoja muda wa kutosha.

Elimu ya ndege iliyoandikwa ilifika katika nchi hizi kwa njia nyingine kabisa, nayo ni njia ya bunduki na ngozi. Mmoja wa walioileta alikuwa Sidney Langford Hinde, tabibu Mwingereza ambaye kabla ya kuja Kenya alikuwa Kongo katika majeshi ya dola ya Mfalme Leopold, akashuhudia vita vya miaka ya 1892 hadi 1894 ambavyo kwavyo utawala wa Waarabu na Waswahili wa Manyema ulivunjwa, na Sefu, mwana wa Hamed bin Muhammed el Murjebi ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, akapoteza maisha yake. Hinde alipoingia katika utumishi wa serikali ya Kiingereza huku kwetu alitawala miongoni mwa Wakamba na baadaye katika nchi zilizo chini ya Mlima Kenya, na yeye na mkewe Hildegarde walitoa kitabu juu ya Wamasai mwaka 1901. Pamoja na hayo alikusanya ndege na wanyama, na ndege wake mmoja kutoka Mto Athi alipelekwa London, ambako Richard Bowdler Sharpe, mtunza ndege wa makumbusho ya Uingereza, alimweleza kwa maandishi mwaka 1900 na kumpa jina la aliyemleta.

Ndege huyo ni wa jamii ambayo baadhi ya waandishi wa Kiswahili huiita zogoyogo: ndege wa ukubwa wa kadiri, wenye kelele, waendao kwa makundi ya aila moja wakirukaruka chini ya vichaka na kupekua majani makavu. Yeye mwenyewe haishi popote duniani isipokuwa Kenya, na nchi yake ni ukanda mwembamba uanziao Machakos na kupanda mpaka miguu ya kusini na mashariki ya Mlima Kenya, katika Kirinyaga, Embu, Mbeere na Meru. Mwenyezi Mungu alimpa sifa moja iliyowasumbua wataalamu muda mrefu: hakuna wawili wanaofanana. Mwili wake ni mweusi wa kahawia, kingo za manyoya ya kifuani zikiwa nyeupe, na ubavuni na kiunoni ana wekundu wa udongo. Lakini juu ya rangi hiyo ya asili hutokea mabaka meupe yasiyo na mpango, huyu akiwa nalo shavuni, yule utosini, wa tatu ana manyoya mawili meupe katika bawa la kushoto na katika la kulia hana hata moja.

Sasa mfikirie mtaalamu wa London aliyewekewa mezani ngozi hizo, zikiwa zimejazwa pamba na kufungwa kibandiko mguuni. Kanuni ya makumbusho ya wakati ule ilikuwa kwamba ngozi moja iliyochaguliwa itasimama mahali pa kabila zima la ndege, na kila ngozi nyingine itapimwa kwayo. Na hapa kila ngozi ilikuwa shahidi dhidi ya mwenzake. Kwa hiyo wengine walishuku kwamba ndege huyu ni chotara wa jamaa zake waliomzunguka, wengine wakaona labda ni maradhi ya rangi tu, na kwa kuwa kwa miaka mingi alionwa na kuandikwa kwa nadra sana, shaka hizo zilidumu. Si haki kuwalaumu, maana walihukumu kwa kadiri ya ushahidi uliowafikia. Hata hivyo mkulima wa mabondeni, aliyewasikia ndege hao kila asubuhi chini ya mihogo yake, hakuwa na shaka hata kidogo kwamba ni kaumu moja, kwa sababu aliwaona pamoja, wakilala tawi moja na kulisha makinda mamoja.

Miaka iliyofuata nitaipita kwa haraka. Kituo cha serikali kilisimamishwa Embu mwaka 1906 baada ya vita, na cha Meru mwaka 1908, chini ya E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika boma ya Meru katika safari yake ya kuwinda, na watu wa msafara wake wakakusanya ngozi nyingi za ndege na wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Mwaka huo huo jumuiya ya elimu ya viumbe ya Afrika Mashariki iliasisiwa Nairobi, na makumbusho yake yakafuata mwaka 1910. Nayo majuzuu matatu ya Frederick Jackson juu ya ndege wa Kenya na Uganda yalichapishwa mwaka 1938, mwandishi akiwa amefariki tangu 1929. Kazi zote hizi zilijibu swali moja, nalo ni ndege huyu ni wa kabila gani. Swali la pili, ndege huyu ni nani, halikuulizwa.

Aliyeliuliza katika Embu alikuwa afisa wa kilimo. Leslie Brown, aliyezaliwa India mwaka 1917 wa wazazi Waskoti na kufanya kazi Nigeria kabla ya kuja Kenya mwaka 1946, aliwekwa katika wilaya ya Embu, na kazi yake ilimlazimu kutembea kwa miguu katika mabonde na vilima vyote akikagua matuta ya kuzuia mmomonyoko, mbegu na malisho. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alifika kwenye kilima kimoja cha wilaya hiyo ambacho baadaye kilijulikana katika maandishi yake kwa jina la Kilima cha Tai, kwa sababu palikuwa na tai wa makabila mbalimbali waliojenga viota vyao karibu karibu: tai mweusi wa majabali, tai mkubwa wa nyika, tai mwenye kishungi ambaye hukamata hata tumbili, na wengine wadogo zaidi. Mtu mwingine angalipiga bunduki, akachukua ngozi na mayai, akaenda zake. Brown alikaa chini akatazama, na alipoondoka alirudi, na aliporudi tena alichukua daftari lile lile.

Kwa kukirudia kilima hicho mwaka baada ya mwaka alianza kuona yale ambayo safari moja haiwezi kuyaonyesha. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba kiota kinachokaliwa miaka ishirini kimekaliwa na mume na mke wale wale, kwa kuwa anayepita mara moja huona tai wawili na anayepita baada ya miaka kumi huona tena tai wawili. Lakini yuko tai mmoja mdogo wa misituni, ajulikanaye kwa jina la Ayres, mwenye tumbo jeupe lililotiwa madoa meusi, na madoa hayo hutofautiana baina ya ndege na ndege. Brown aliyaandika madoa hayo kama karani aandikavyo alama za ng'ombe wa mahari, na kwa njia hiyo aliweza kusema kwamba jike wa mwaka huu siye jike wa mwaka jana, ingawa kiota ni kile kile na mti ni ule ule. Akijua ni mara ngapi mmoja amefuatwa na mwingine, aliweza kukadiria tai mzima huishi muda gani, jambo ambalo ngozi zote za London zisingaliweza kulitamka. Tena alithibitisha kwamba tai mwenye kishungi huzaa kwa kawaida mara moja katika miaka miwili, kwa sababu kinda lake, hata baada ya kujua kuruka, huendelea kulishwa na wazazi kwa karibu mwaka mzima. Na habari kama hii haijulikani ila kwa mtu anayemjua kinda yule, akamwona mwezi baada ya mwezi akililia nyama juu ya mti wa kwao.

Makala yake juu ya ndege wakubwa wawindao wa wilaya ya Embu yalitoka katika jarida la Ibis mwaka 1952 na 1953, akaongeza mengine juu ya Kilima cha Tai mwaka 1955, na mwaka huo huo akatoa kitabu kwa ajili ya wasomaji wa kawaida. Baadaye alipanda cheo katika idara ya kilimo, akagundua mwaka 1954 mahali wanapozalia heroe katika Ziwa Natron, na pamoja na Dean Amadon akatunga mwaka 1968 kitabu kikubwa cha tai, vipanga na kozi wa dunia nzima. Alifariki mwaka 1980. Mimi nashikilia kwamba katika kazi zake zote mzizi ni ule wa Embu, kwa maana hapo ndipo alipojifunza kwamba mnyama wa porini ana maisha yake ya pekee, yenye mwanzo na mwisho, na kwamba maisha hayo yanaweza kuandikwa.

Inafaa tupime jambo hili kwa tarehe. Nchini Uingereza, Len Howard, bibi aliyewaruhusu ndege wa bustani yake kuingia na kutoka nyumbani mwake na kuwajua kila mmoja kwa sura na tabia, alitoa kitabu chake mwaka 1952, mwaka ule ule wa makala ya kwanza ya Embu. Jane Goodall alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1960, na sifa yake ya kuwapa sokwe majina imeenea ulimwenguni. Katika Meru yenyewe, simba jike Elsa, aliyezaliwa mwaka 1956 na kulelewa na Joy na George Adamson, alirudishwa porini, akafa mwaka 1961 na kuzikwa katika ardhi ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Meru. Watu wengi wa mbali walijifunza kwa kitabu cha Joy juu yake kumpenda mnyama mmoja aliye na jina. Heshima ya hao wote si ya kupunguzwa. Lakini Elsa alishikwa mkononi tangu utotoni, hali tai wa Embu hawakuguswa wala kulishwa na mtu, wakatambuliwa kwa macho tu na kwa subira. Na sokwe wa Gombe walikuja wakati tai hao walikwisha kuwa na daftari la miaka zaidi ya kumi. Afrika Mashariki ni miongoni mwa mahali palipowafundisha wataalamu wa dunia kuwatambua wanyama mmoja mmoja, na katika somo hilo Embu imesahauliwa bila haki.

Wakati huo huo nchi yenyewe ilikuwa ikigeuka sura. Katika miaka ya 1930 serikali ilikuwa imewaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa kwa majaribio. Kisha katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, watu walikusanywa kwa nguvu katika vijiji, na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukafuata, vipande vya ardhi vikaunganishwa, vikapimwa na kupewa hati, na kahawa, chai na ng'ombe wa maziwa vikaenea mpaka kwenye ukingo wa kila bonde. Watu walipata mali, nami sioni haja ya kuililia nchi iliyokuwa na vichaka vingi na shule chache. Walakini vichaka vilibaki mahali pawili tu: kwenye miteremko mikali ya mito, ambako jembe halikushika, na katika nyua baina ya shamba na shamba, ambako lantana, mti wa kigeni uliotoka Amerika, ulioletwa kwa ajili ya maua yake na kulaaniwa na kila mkulima, ulijiotea wenyewe kwa mbegu zilizochukuliwa na ndege.

Katika lantana hiyo ndiko walikookokea ndege wa Hinde. Wataalamu waliokwisha kudhani kwamba wamekaribia kutoweka waliwakuta tena katika mabonde ya Kianyaga, ambayo zamani yalikuwa sehemu ya wilaya ya Embu kabla Kirinyaga haijawa wilaya, na Mukurweini upande wa Nyeri, na kwingineko. Peter Njoroge na Leon Bennun wa makumbusho ya Nairobi, pamoja na wenzao, waliwafuata katika miaka ya 1990 shamba kwa shamba, wakaonyesha kwamba maisha yao yanategemea vichaka vizito kuliko wingi au uchache wa watu. Penye lantana ya kutosha kando ya kahawa walikuwapo, na ilipofyekwa waliondoka. Mwaka 1999 Bennun na Njoroge walipotoa orodha ya mahali 60 katika Kenya panapostahili kulindwa kwa ajili ya ndege, mabonde ya Kianyaga na Mukurweini yaliingizwa humo, ingawa si msitu wala hifadhi, ila ni mashamba ya watu wenye hati zao.

Na sifa ile iliyowasumbua watu wa London imegeuka kuwa neema kwa mtu akaaye karibu nao. Ndege wengi wa uwanjani, kama shore na shomoro, hawajulikani mmoja mmoja ila kwa kuvishwa pete za rangi mguuni, kazi inayotaka nyavu na idhini; huyu amekwisha kuvishwa alama na Muumba wake. Mtu akisimama asubuhi juu ya bonde, mahali ambapo mistari ya kahawa inakoma na lantana kuanza, husikia kwanza sauti ya mmoja, kavu na yenye mkwaruzo, kisha ya pili ikiipokea, na mara aila nzima imepaza sauti kwa pamoja, ikanyamaza kwa pamoja. Hutoka mmoja mmoja kuvuka njia, wakiruka chini chini, mmoja akibaki juu ya fito kuwalinda wenziwe mpaka wa mwisho avuke. Jicho lao ni jekundu, na humkazia mtu bila hofu nyingi. Hapo ndipo pa kutazama uso kwanza, kwa maana uso huonekana hata mwili ukiwa ndani ya majani: huyu ana doa jeupe nyuma ya jicho, yule kidevu chake kimechanganyika, mwingine kichwa kizima kimetiwa vidoa. Kisha hutazamwa bawa anapolifungua. Mwanafunzi mwenye penseli akichora duara la kichwa na umbo la mabawa mawili kwa kila ndege wa aila moja, na kutia mabaka mahali pake, atakuwa na daftari ambalo wiki ijayo litamwambia nani amekuja, nani hayupo, na ni nani anayepeleka mdudu kiotani ambaye siye baba wala mama, kwa maana katika jamii hii ndugu wakubwa husaidia kulea.

Nimekuwa nikitamani kuona kazi hiyo ikifanywa katika shule za Runyenjes, Siakago na Chuka, ambako ndege na mtoto hupita njia moja. Mimea ya Mbeere ilipata bahati ya kuandikwa pamoja na majina yake ya kienyeji na matumizi yake na Bernard Riley na David Brokensha katika kitabu chao cha mwaka 1988, matokeo ya miaka ya kukaa na kuuliza. Ndege wa Mbeere, Embu, Tharaka na Meru wanastahili juhudi sawa, nayo ni haja ya sasa hivi, kwa kuwa wazee waliojua mlio wa kila ndege wa shamba la mawele wanaondoka, na watoto wao wanakula mahindi ambayo hayahitaji kuamiwa namna ile. Tangu mwaka 1971, kwa ushawishi wa bibi Fleur Ng'weno, watu wa Nairobi wamekuwa wakitoka kila Jumatano asubuhi kutazama ndege pamoja, na wengi wa waongozi na wataalamu wa Kenya wamepitia matembezi hayo. Jambo linalowezekana katika bustani za mji mkuu halishindikani katika mabonde ya Ena na Thuchi.

Hatari iliyopo ni ya panga na jembe. Shamba likigawanywa kwa wana, na wana kwa wajukuu, ule ukanda wa kichaka uliokuwa mpakani huonekana kuwa ardhi iliyolala bure, hufyekwa ukapandwa majani ya ng'ombe au miti ya kuni, na aila ya ndege sita iliyojulikana pale kwa nyuso zao hutawanyika katika msimu mmoja. Mwenye shamba akibakiza lantana hatua chache juu ya mto, mahali ambapo udongo ungechukuliwa na mvua hata kama angelima, hapotezi gunia hata moja la kahawa.